Mtambo wa stima na joto pamoja kwa hospitali, shule na viwanda vya huku kwetu: anza na joto

Hii nimeandikia mabasa, mameneja, matroni na wakubwa wa viwanda wa kuanzia Kisumu, Kakamega na Nandi hadi Nakuru, yaani mtu yeyote analipa bili ya stima kila mwezi na bado kwa upande mwingine ananunua kuni ama dizeli ya boila. Hizo gharama mbili mara nyingi zinakaa kwa vitabu tofauti na hakuna mtu anaziangalia pamoja, na hapo ndio pesa inapotelea.

Wazo lenyewe ni rahisi. Genereta ikichoma mafuta, karibu theluthi moja tu ndio inageuka kuwa stima, ile ingine yote inatoka kwa ekzosi na kwa redieta inapasha hewa ya nje. Mtambo wa kojenereshoni (wengi wanasema kojen tu) unashika hilo joto na kulipeleka kwa maji ya londri, kwa jikoni, kwa kikausho ama kwa tangi la maziwa. Ukishika vizuri unatumia asilimia 80 hivi ya nguvu iliyo ndani ya mafuta badala ya 30 na kitu. Lakini kama huna mahali pa kupeleka joto kila siku ya mwaka, hizo asilimia 80 zinabaki kwa broshua, na wewe umenunua genereta ya bei ghali sana. Kwa hivyo hatua zote hapa chini zinaanza na joto, stima inakuja baadaye.

Hatua ya kwanza: toa bili za miezi 12

Sio bili ya mwezi jana, ni za mwaka mzima, juu shule inafungwa Aprili, Agosti na Disemba na kiwanda cha majani chai kina msimu wa wingi na msimu wa kiangazi. Angalia vitu vitatu: yuniti (yuniti moja ni kilowati-saa moja), dimandi kwa KVA (kile kiwango cha juu kabisa cha stima ulichovuta kwa mara moja), na pawa fakta (ni sehemu gani ya hiyo unayovuta inafanya kazi kweli). Alafu gawanya jumla yote ya bili kwa yuniti ujue yuniti moja inakugharimu ngapi kweli, pamoja na fyueli, VAT na zile tozo zingine zote.

Shika hili la dimandi vizuri kwa sababu wauzaji wa mitambo hupenda kuliruka. Dimandi inachukuliwa kwa kilele cha mwezi. Mtambo wako ukifanya kazi siku 29 na uzime nusu saa tu mchana wa siku ya 30 lodi ikiwa juu, kilele kinarudi palepale na hiyo sehemu ya bili hujaokoa chochote. Kwa hivyo ukiletewa hesabu inayosema utaokoa dimandi yote, irudishe.

Hatua ya pili: pima joto, na uchukue muda wako hapa

Hapa ndio kazi yenyewe iko. Stima ina mita, joto halina mita, kwa hivyo watu wanakisia, na mtambo unanunuliwa kwa kisio.

Maji moto ni rahisi kupima. Chukua lita, zidisha kwa digrii unazopandisha, gawanya kwa 860, unapata kilowati-saa. Tuseme hospitali inatumia lita 6,000 kwa siku, maji yanaingia yakiwa digrii 22 na mnayataka 60 (usishuke chini ya 60 kwa tangi la kuhifadhi, kuna bakteria ya mapafu inapenda maji ya uvuguvugu na wagonjwa hawahitaji hiyo). Hapo ni 6,000 mara 38 gawanya kwa 860, karibu 265. Ongeza ya kupotea njiani kwa paipu na tangi, weka 320 kwa siku.

Kuni nazo, kilo moja iliyokauka vizuri ina kama kilowati-saa 4, lakini boila ama jiko kubwa la taasisi likitoa nusu ya hiyo kwa maji ujue linajitahidi. Kwa hivyo hizo 320 ni kama kilo 160 za kuni kavu kila siku. Kama stoo yako inatoa kilo 300 kwa kazi hiyohiyo, usiende kununua mtambo, nenda uangalie kuni zimelowa kiasi gani na mlango wa boila unafunga ama haufungi.

Alafu ujue joto linatakiwa saa ngapi. Kuna hospitali moja huku magharibi nilisimama nyuma ya londri asubuhi na mzee wa boila, ana daftari la kurasa zimejikunja kwa unyevu na kila saa anaandika presha kwa penseli. Ukisoma hilo daftari unaona kila kitu: kuanzia saa kumi na moja alfajiri presha inapigwa, londri na jiko la uji vinavuta pamoja, saa tano inatulia, saa nane inaamka kidogo, usiku karibu kimya. Nikamwambia, "Mzee, hii kitabu ina maana kuliko ile ripoti iko ofisini," na nilimaanisha. Kama mtu wa boila hana daftari, mnunulie leo, aandike wiki nne angalau kabla hujaita muuzaji yeyote.

Hatua ya tatu: ziba mashimo kwanza

Hapohapo nyuma ya londri kulikuwa na paipu moja inatoa maji ya mvuke uliopoa moja kwa moja hadi kwa mtaro, moto kabisa, majani ya kandokando yameungua. Hayo maji tayari yametibiwa, tayari yana joto, yanafaa kurudi kwa tangi la boila. Kuyarudisha ni pampu ndogo na paipu. Stim trapu (zile valvu za kutoa maji kwa paipu ya mvuke bila kuachilia mvuke) zilizokwama wazi ni pesa inayotoka usiku na mchana. Paipu zisizofunikwa, hivyohivyo.

Fanya haya kabla ya kupima ukubwa wa mtambo, juu ukinunua mtambo wa kutosheleza mashimo, siku utakayoyaziba mtambo utakuwa mkubwa kupita kiasi. Na kama unatumia zaidi ya yuniti 180,000 kwa mwaka, sheria ya usimamizi wa nishati ya 2012 inakutaka ufanye ukaguzi wa nishati kila miaka 3 kwa mtu mwenye leseni ya EPRA (mamlaka ya serikali ya nishati), kwa hivyo hiyo kazi itumie, mwambie apime na upande wa joto, asije kuhesabu taa tu akaondoka.

Hatua ya nne: ukubwa wa mtambo

Rudi kwa ile hospitali ya kilowati-saa 320 za joto kwa siku. Muuzaji A anakuja na injini ya kilowati 30 za stima inayotoa kilowati 40 za joto. Ikikimbia masaa 8 joto limetimia, na umepata yuniti 240 za stima. Muuzaji B ana injini ya nusu hiyo, kilowati 15 za stima na 20 za joto. Hiyo inakimbia masaa 16, joto ni lilelile 320, stima ni ileile 240. Tofauti ni kwamba umenunua mashine ndogo kwa kazi ileile, na tangi kubwa la maji moto lenye kufunikwa vizuri linabeba joto la mchana mpaka alfajiri. Mimi kila mara nitachukua ya pili na tangi kubwa. Watu wa hii kazi hutaka mtambo ukimbie kama masaa 4,500 hadi 5,000 kwa mwaka ndio pesa irudi kwa muda wa maana, na hiyo ya masaa 8 kwa siku haifiki hata 3,000.

Kwa hivyo kanuni ni hii: pima mtambo kwa lile joto la chini ambalo halikosekani siku yoyote, usipime kwa kilele. Kilele kiachie boila yako ya zamani, usiitoe, inabaki kama msaidizi.

Shule ya bweni hapa inaumia kidogo kwa sababu ya likizo, zaidi ya miezi mitatu kwa mwaka hakuna joto la kutumia. Hospitali, hoteli kubwa, kiwanda cha maziwa, kichinjio, hao wako sawa zaidi.

Hatua ya tano: mafuta, na hapa usidanganyike

Ulaya hii mitambo inakula gesi ya paipu. Sisi hatuna gesi ya paipu Kenya, kwa hivyo broshua ya kutoka huko, hata kama mashine ni nzuri, hesabu yake ya pesa haikuhusu. Dizeli nayo, kukimbiza kila siku kwa ajili ya kojen sioni ikilipa, ila kama genereta yako ya dizeli inakimbia masaa mengi tayari juu ya stima kupotea, hapo kufunga kibadilisha joto (kifaa cha kuhamisha joto kwenda kwa maji yako) kwa ekzosi na kwa maji ya injini ni wazo zuri kabisa. Ekzosi inatoka ikiwa na digrii 400 na zaidi, maji ya injini kama 80 hadi 90, hayo ni maji ya kuoga ya bure.

Baiogasi ndio watu wengi wanaiota. Hesabu yake ni hii. Kyubiki mita moja ya baiogasi ina kama kilowati-saa 6. Kwa injini ndogo utatoa kama yuniti 2 za stima na 2 na nusu za joto. Ile hospitali yetu inataka kilowati-saa 320 za joto, kwa hivyo ni kama kyubiki 130 kwa siku. Ng'ombe mmoja wa ziro-grezing ukimkusanyia kilo 20 za kinyesi anakupa kama kyubiki 0.7. Gawanya mwenyewe: ni ng'ombe karibu 190. Hospitali yenye ng'ombe kumi haina kojen, ina gesi ya jikoni, na hiyo gesi ya jikoni ni kitu kizuri sana, ichukue kwa roho safi.

Shule hivyohivyo. Wanafunzi 1,000 kwa vyoo wanaweza kutoa kyubiki 20 hadi 30 kwa siku. Ukiipeleka kwa injini unapoteza sehemu kubwa na unajitafutia spea. Ukiichoma moja kwa moja chini ya sufuria ya githeri umepunguza kuni hapohapo. Ushauri wangu kwa shule nyingi za huku ni huo: daijesta (lile tangi ama shimo la kuchachusha taka zitoe gesi) ndiyo, injini hapana.

Penye injini inaingia vizuri ni penye taka ni nyingi na ziko mahali pamoja. Vichinjio vya mji, viwanda vya maziwa, mashamba makubwa ya mboga. Pale Naivasha, ndani ya kaunti ya Nakuru, kulijengwa mtambo wa Gorge Farm ulioanza 2015, wa kumeza masalio ya mboga na mazao mengine na kutoa zaidi ya megawati 2. Taka za chakula zina gesi zaidi ya kinyesi, tani moja inaweza kukupa kyubiki 100 hivi, lakini lazima ziwe zinakuja kila siku na ziwe zimetenganishwa na plastiki.

Na mahali penye kojen ni ya asili kabisa ni viwanda vya sukari. Tani moja ya miwa inaacha kama kilo 300 za makapi, hayo yanachomwa kwa boila ya presha kubwa, mvuke unapita kwa tabaini (mashine inayozungushwa na mvuke) kutoa stima, alafu mvuke uleule ukishashuka presha unaenda kupika juisi. Mumias walifunga mtambo wa megawati 35 mwaka wa 2009 na walikuwa wanauza hadi megawati 26 kwa gridi. Mashine ilikuwa nzuri. Lakini miwa ilipopungua makapi yalipungua, kiwanda kikaingia kwa madeni, na 2019 kikawekwa chini ya meneja mrasimu, yaani msimamizi anayewekwa na wenye kudai. Kila mtu anayefikiria mtambo wa aina hii huku magharibi akae chini na hilo: nani atakuletea mafuta mwaka wa saba, kwa mkataba gani, na akikosa wewe utafanya nini. Maganda ya mchele ya Ahero, vumbi la mbao, makapi ya miwa ya kununua, yote leo ni takataka ya bei ya chini, lakini ukifunga boila na jirani akafunga yake, bei inapanda. Hilo liweke kwa hesabu kabla.

Kuhusu mashine za kugeuza kuni kuwa gesi ya injini, nenda polepole. Lami ya kuni inaziba valvu na injini inataka mtu wa kuisafisha karibu kila siku. Kama huna huyo mtu, acha.

Watu wa Nakuru mna kitu kingine wengine hatuna, joto la ardhini. Shamba la maua la Oserian pale Naivasha lilitumia joto la visima kupasha vitalu vya maua usiku ili unyevu usilete ukungu kwa majani, na lilikuwa na mitambo yake midogo ya stima. GDC, kampuni ya serikali ya joto la ardhini, nao Menengai walijenga sehemu ya maonyesho ya kuchemsha maziwa, kitalu, mabwawa ya samaki na londri kwa maji ya kisima. Kama biashara yako iko karibu na visima hivyo, waulize kwanza kabla hujanunua chochote cha kuchoma.

Hatua ya sita: injini ama tabaini

Kama unataka maji moto tu, chukua injini. Kama unataka mvuke mwingi na tayari una boila, uliza kuhusu tabaini ya bakpresha, ile inayotoa stima na bado inaacha mvuke na presha ya kutosha kwa kazi. Viwanda vingi vina boila ya presha ya baa 10 alafu kuna valvu inashusha hadi baa 3 kabla ya mvuke kufika kwa kazi. Huo mshuko wa presha ni stima inayotupwa. Tabaini ndogo inakaa sambamba na hiyo valvu na kuchukua sehemu ya hiyo nguvu. Haitakutosha stima yote, tabaini ndogo hazina ufanisi mkubwa, lakini kwa kiwanda cha chai ambapo zaidi ya asilimia 80 ya nishati ni joto la kunyausha na kukausha, mvuke upo kila siku na hiyo stima kidogo inakuja karibu bure.

Ukichukua injini, uliza mwinuko. Injini isiyo na tabochaja hupoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda. Kisumu iko kama mita 1,130, Nakuru kama 1,850. Injini iliyoandikwa kilowati 30 ikifika Nakuru usiitegemee zaidi ya 25. Taka iandikwe kwa mkataba: nguvu ya hapa saiti, sio ya kiwandani.

Kwa baiogasi lazima gesi isafishwe. Ina haidrojeni salfaidi, inakula mafuta ya injini na beringi. Chujio la vyuma vyenye kutu linafanya kazi na fundi wa kawaida analiweza, ila libadilishwe kwa ratiba. Na hiyo gesi inaua. Inanuka kama yai bovu ikiwa kidogo, ikizidi pua inaacha kuisikia kabisa, kwa hivyo hakuna mtu anaingia kwa shimo la daijesta peke yake wala bila kupima hewa. Mwambie kila kijana wa hapo, kila wakati.

Daijesta lenyewe linapenda digrii 35 hadi 40. Nakuru usiku ni baridi, kwa hivyo sehemu ya joto la injini itarudi kulipasha. Itoe kwa hesabu yako.

Hatua ya saba: kuunganisha na gridi, na makaratasi

Amua mapema kama mtambo utaendelea stima ya Kenya Power ikipotea. Mitambo mingi ya bei nafuu hujizima yenyewe gridi ikizima, na huku kwetu hapo ndio unaihitaji zaidi. Ukitaka iendelee, lipia swichi ya kutenga na rilei za ulinzi, na ziwekwe na injinia mwenye leseni, juu ukirudisha stima kwa laini ambayo fundi amepanda nguzo kuitengeneza utamuua.

Kitu kingine kinachowashtua watu: mtambo ukitoa kilowati nyingi lakini motor zako bado zinavuta kutoka gridi ile nguvu isiyofanya kazi, pawa fakta kwa mita inashuka. Ikienda chini ya 0.9 unatozwa faini. Weka bei ya kapasita benki (kifaa cha kupandisha pawa fakta) kwa hesabu.

Sheria ya nishati ya 2019 inakuruhusu kuzalisha stima ya kujitumia hadi megawati 1 bila leseni ya uzalishaji. Ukizidi hapo ama ukitaka kuuza, unaenda EPRA. NEMA (mamlaka ya mazingira) kwa tathmini ya mazingira, kaunti kwa ujenzi, na boila ni chombo cha presha, kinakaguliwa na mtu aliyeidhinishwa chini ya sheria ya usalama kazini ya 2007. Anza haya mapema, usingoje kontena ifike.

Hatua ya nane: pesa na mkataba

Chukua yuniti utakazozalisha kwa mwaka, zidisha kwa ile bei yako ya kweli ukitoa dimandi. Ongeza kuni ama dizeli utakayoacha kununua. Toa mafuta ya mtambo, mshahara wa mtu wa mtambo, na sevisi. Kwa injini ya masaa 16 kwa siku unafikisha zaidi ya masaa 5,800 kwa mwaka, na kama oili inabadilishwa kila masaa 500 hiyo ni karibu mara 12, pamoja na plagi na filta. Weka pia akiba ya kufungua injini kubwa baada ya miaka michache. Kama hesabu inafaulu tu ukiacha sevisi nje, haifaulu.

Kwa mkataba, lipa sehemu ya mwisho baada ya majaribio ya wiki kadhaa hapo saiti, na majaribio yapime joto pia. Weka mita ya joto kwa paipu ya kwenda na ya kurudi. Taka spea za mwaka wa kwanza ziwe stooni, fundi awe wa kufika siku hiyohiyo kutoka Eldoret, Kisumu ama Nakuru, na watu wenu wawili wafundishwe, sio mmoja, manake mmoja akienda likizo mtambo unalala.

Ukishawasha, rudi kwa lile daftari. Kila zamu iandike masaa ya injini, yuniti za stima, joto kutoka kwa mita, digrii za tangi na gesi ama kilo za mafuta zilizoingia. Yuniti za stima zikikaa sawa na joto likishuka wiki hadi wiki, kibadilisha joto kimeanza kushika chumvi ya maji, kisafishwe kabla hakijaziba.